Mama Wema, Mpekuzi Aliyepekuliwa Mlangoni Kwake

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, zamu ya mchana itakapokwisha, Bi. Evelina Mabula atavua sare ya bluu ya Kitengo cha Ulinzi cha Mgodi wa Nyamigunga na hataivaa tena. Alijiunga nasi mwaka 2003. Anastaafu kwa hiari, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, mwenye afya njema, magoti yanayolalamika kidogo na macho yale yale. Ukiondoa likizo zake na wiki chache za mwaka 2007 ambazo nitazieleza, muda wote huo amesimama Lango la Pili, mahali ambapo kila anayetoka kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu lazima apite.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Violeth Shija, niandike wasifu huu kwa kuwa ndiye niliyekaa naye zamu moja muda mrefu kuliko wengine. Niliambiwa uwe mfupi. Kamati inisamehe.

Evelina alizaliwa Mhunze, wilayani Kishapu, katika familia ya wakulima wa pamba. Baada ya kidato cha nne alifanya kazi ya muda kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na huko ndiko alikokutana na Felician, bwana shamba kijana aliyekuwa amekuja kwa semina ya siku mbili, akarefusha semina yake kwa sababu ambazo hakumweleza mwajiri. Walioana kanisani. Muda si mrefu Felician akahamishiwa Ushetu kwa wakulima wa tumbaku, na Evelina akapata kazi kwetu. Wakakubaliana kuwa yeye angekaa Katoro na watoto, na mume angekuja mwisho wa wiki barabara ikiruhusu. Wenzetu wengi wameishi hivyo. Mgodi haukuulizi kama ndoa yako iko karibu.

Watoto walikuwa wawili: Wema, aliyekuwa wa kwanza, na Fredy, aliyekuwa bado mgongoni mama yake alipoanza kazi. Mchana walishinda kwa jirani yao Mama Samwel, fundi cherehani, mwanamke mwenye moyo mpana na ahadi nyingi. Jioni basi la wafanyakazi lilimshusha Evelina njia panda, naye akatembea hadi nyumbani na mkoba begani, huku watoto wakiwa wamekwisha kumwona tangu kwenye kona.

Kazi ya Lango la Pili ilikuwa hivi. Wanaume walipekuliwa mwilini na wanaume wenzao, na wanawake walipekuliwa nasi kwenye kibanda. Lakini viatu, kofia ngumu na mikoba ya watu wote vilipita mbele ya Evelina. Alikuwa anainama, anatazama buti ndani, anaigonga kisigino, anasikiliza. Na hakumgusa mtu mzima kabla ya kumwamkia. "Shikamoo baba. Naomba uvue viatu." Kulikuwa na mzee mmoja wa mitambo aliyetuambia kuwa nyumbani kwake hakuna mtoto anayemwamkia kwa adabu ile, na kwamba yeye angefurahi kupekuliwa hata mara mbili.

Ugonjwa wa kazi hii ni kwamba haibaki kazini. Wengi wetu tunaujua. Evelina aliupata vibaya zaidi. Akimwona mtu amenyoosha mikono, miguu yake ilianza kumwendea bila kumwomba ruhusa. Jumapili moja, akiwa ametoka zamu ya usiku na kwenda moja kwa moja misani, alisinzia kwenye benchi la mbele. Padri alipofungua mikono na kusema Bwana awe nanyi, Evelina alifumbua macho, akasimama na kupiga hatua mbili kuelekea altareni kabla Wema hajamshika gauni. Padri alidhani amepata wito.

Mama mkwe wake alipokuja kutoka Bukombe na kikapu cha mihogo na jogoo, Evelina alimpokea kwa heshima zote, akapiga goti, akapokea kikapu, na palepale, bado amepiga goti, akamwomba avue ndala. Mama mkwe alivua. Kwa siku zote alizokaa pale aliamini kuwa ndiyo desturi ya watu wa Kishapu.

Nyumbani, basi, kila jioni kulikuwa na ukaguzi. Wema na Fredy walisimama mlangoni, wakanyoosha mikono, wakafungua vidole, wakatoa ulimi. Ukaguzi ule haukuwa mchezo tu. Ulimi uliwahi kutoa ushahidi wa udongo wa ukutani, mfuko ulitoa kiberiti, na siku moja kofia ya Fredy ilitoa kifaranga cha Mama Samwel kikiwa hai na kimekasirika. Mama aliyeshinda mbali na watoto wake kutwa nzima alipata kwa mikono habari zote ambazo wao wasingezisema kwa mdomo: nani ameanguka, nani hakula, nani amelia.

Halafu Wema, ambaye alikuwa darasa la kwanza na ameanza kuijua haki, akauliza swali.

"Mama, kule kazini meneja naye anapekuliwa?"

"Anapekuliwa."

"Hata mzungu?"

"Hata mzungu. Anayepita langoni anapekuliwa."

"Basi na wewe nyoosha mikono."

Evelina alinyoosha. Kuanzia siku hiyo ukaguzi ukawa wa pande zote mbili. Wema alichukua sehemu za juu, mifuko na kola. Fredy, kwa kimo chake, alipewa viatu na suruali. Mama yao alijifunza kuficha kitu kila jioni ili kazi yao isiwe ya bure: karanga chache, pipi ya kijiti, kipande cha muwa kwenye soksi. Aliniambia kuwa yapo majira ambapo alishuka basi hana nguvu hata ya kufungua mlango, na kitu pekee kilichomvusha zile hatua za mwisho ni kufikiri leo pipi aiweke wapi.

Sasa nifike mwaka 2007.

Mwaka ule tuliletewa sare mpya. Aliyeagiza alikuwa na picha ya askari mrefu, kwa sababu suruali zote zilikuwa za watu warefu, na Evelina, kama mnavyomjua, hakubarikiwa urefu. Alimpelekea Mama Samwel suruali mbili azipunguze. Mama Samwel akasema kesho. Kesho ile ilikuja na kesho yake, na nguo za harusi, na sare za shule, na nguo za Pasaka. Evelina akaamua kuzikunja mwenyewe. Alizikunja mara tatu kila mguu, na pindo likawa pana kama mfuko wa mbele wa kangaroo. Tulimcheka. Hatukufikiri zaidi ya hapo, na tulikuwa kitengo cha ulinzi.

Alhamisi moja zamu ilikuwa nzito. Mtambo ulikuwa umesimama mchana, watu wakatoka kwa mkupuo, na Evelina aliinama na kuinuka mpaka kiuno kikagoma. Katikati ya msururu kijana mmoja wa mkataba, ambaye jina lake nitaliacha kwa kuwa ana watoto wanaosoma, alidondosha kofia yake karibu na miguu ya Evelina, akainama kuiokota, akaomba radhi, akavua buti, akakaguliwa, akapita. Hakuna aliyeona kitu.

Jioni Evelina alifika nyumbani kichwa kinamgonga. Hakuwa ameficha pipi. Aliwaona watoto mlangoni, wamejipanga, na moyo wake ukamwambia apite tu.

"Leo hapana," alisema. "Mama amechoka."

Wema alisogea kumpisha. Fredy hakusogea. Alilala chali kwenye kizingiti, akatandaza mikono na miguu, akaziba mlango.

"Sheria ni sheria," alisema Wema kwa sauti ya mama yake, akimtetea mdogo wake.

Evelina ananiambia alikaribia kulia, na hajui kama ni kwa hasira au kwa kitu kingine. Alinyoosha mikono. Wema alipekua mifuko, hakuna. Fredy alianza na viatu, hakuna. Soksi, hakuna. Ndipo akaingiza vidole kwenye pindo la suruali, mguu wa kulia, akatoa kitu kidogo kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Alifurahi sana. Akakifungua, akakitia mdomoni, akakiuma. Uso ukabadilika.

"Hii siyo pipi," alisema, akakitema kiganjani.

Ilikuwa dhahabu. Kipande kilikuwa na ukubwa wa punje ya harage, na sasa kilikuwa na alama ya jino la Fredy. Evelina alikaa chini pale pale kizingitini, akiwa bado na mkoba begani.

Wenzangu, kila mmoja wetu anajua maana yake. Sheria ya mgodi haikuwa na mlango wa nyuma: ukikutwa na dhahabu nje ya uzio, kazi imekwisha, na baada ya kazi ni polisi. Mpekuzi wa Lango la Pili ndiye mtu wa mwisho ambaye angeaminiwa. Na alikuwa na watoto wawili, nyumba ya kupanga na mume aliye Ushetu. Alinisimulia baadaye kuwa mawazo matatu yalimjia kwa mpigo. La kwanza, akitupe chooni. La pili, akizike nyuma ya nyumba. La tatu ni kwamba Wema alikuwa amesimama anamtazama, anangoja kuona mpekuzi anafanya nini akikuta kitu.

Kabla hajafanya lolote, hodi ikabishwa uani.

Alikuwa yule kijana wa kofia. Alikuwa na mkate mkononi na soda mbili kwenye mfuko, na jasho lilikuwa linamtoka japo jua lilikuwa limepoa.

"Shikamoo Mama Wema."

"Marahaba. Karibu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepita tu kuwasalimia."

Hakuwa amewahi kupita tangu waanze kufanya kazi pamoja. Hata hivyo, Fredy hakujali historia. Alisimama mbele ya mgeni akamwambia anyooshe mikono. Kijana akanyoosha, mkate mkono huu, soda mkono ule. Fredy akamwambia avue viatu. Akavua, akaviacha kizingitini, buti za mgodi zile zile. Evelina alikuwa ameifumba dhahabu kiganjani, chini ya kanga aliyoivuta haraka begani.

"Mke wangu siku hizi anafua nguo za watu," alisema kijana, mikono bado iko hewani. "Nikafikiri, Mama Wema anachoka, ana watoto. Nikaona nije nichukue suruali yako ya kazi. Atakufulia. Kesho asubuhi nakuletea."

"Suruali tu?"

"Suruali inatosha."

Hapo Evelina akaelewa yote, kofia, kuinama na pindo la mlinzi, mtu ambaye siku zile hakupekuliwa akitoka. Alisema hofu yake kubwa haikuwa ya kijana yule bali ya kelele. Kwamba kijana akijua ameshagundulika angeweza kufanya jambo la kijinga mbele ya watoto. Basi akafanya kile alichokijua. Akatumia sauti ya langoni, ile isiyo kali wala laini.

"Geuka," alisema.

Kijana akageuka.

"Mikono ibaki hapo hapo. Tembea mbele."

Akatembea mbele. Miaka ya kupita Lango la Pili ilikuwa imemwingia mwilini, naye alivuka ua mzima na kulipita geti la mabati, akasimama barabarani akingoja amri inayofuata. Amri haikuja. Evelina alifunga geti kwa komeo, kisha akafunga na mlango. Baada ya muda kijana alirudi kwenye akili zake akaanza kugonga geti na kuomba viatu vyake. Mama Samwel, aliyekuwa jikoni kwake upande wa pili wa ukuta, alipaza sauti kumuuliza ni nani anayedai viatu kwa Mama Wema wakati Baba Wema yuko safarini. Kijana hakungoja kulijibu swali hilo. Aliacha mkate na soda chini ya geti, akaondoka pekupeku.

Mtasema, kwa nini asipige simu. Simu hatukuruhusiwa kwenda nazo kazini, kwa hiyo yake ilibaki nyumbani mchana, na watoto walikuwa wamecheza mchezo wa nyoka mpaka chaji ikaisha. Evelina akatafuta pikipiki. Hakuweza kuwaacha watoto kwa Mama Samwel, maana alitaka kumpeleka shahidi, na shahidi alikataa kwenda bila dada yake. Hivyo walikuja wote: dereva, Fredy mbele akiwa ameshika kioo, Evelina nyuma, Wema katikati akiwa amepakata buti za mtu.

Siku ile mimi ndiye niliyebaki langoni kukabidhi zamu. Niliona pikipiki inasimama na watu wanashuka bila kuisha. Evelina alikuja moja kwa moja, akasimama kwenye mstari wa njano kama mfanyakazi yeyote, akanyoosha mikono.

"Violeth," aliniambia, "nipekue. Na uite mkuu."

Mkuu wetu wakati ule alikuwa Bwana Donatus, mstaafu wa jeshi, mtu wa haki, mgumu kama kisiki cha mkwaju, na mgonjwa wa sukari. Mke wake alikuwa ameshapita kwa kila mmoja wetu, hadi kwa wapishi wa kantini, kutuomba tusimpe Bwana Donatus kitu chochote kitamu hata akiamuru. Alikuja akasikiliza. Evelina alifungua kiganja juu ya meza, akaeleza mwanzo mpaka mwisho. Bwana Donatus alikitazama kile kipande muda mrefu.

"Umebeba dhahabu nje ya uzio," alisema.

"Nimeibeba bila kujua. Nimeirudisha kwa kujua."

"Nani aliiona?"

"Huyu."

Bwana Donatus alitazama chini mpaka akampata Fredy. "Huyu ana miaka mingapi?"

"Minne, mkuu."

"Unataka niandike kwa meneja kwamba kipande kilichopita mbele ya askari wangu wote kimekamatwa na mtoto wa miaka minne?"

Aliyejibu ni Wema. "Yeye anapekua vizuri kuliko mama," alisema, "sababu yuko karibu na chini."

Sijui ni nini kilimgusa mzee yule. Labda alitaka kumthibitishia mtoto kuwa haiwezekani. Alijisogeza mbele, akasimama wima, akanyoosha mikono kijeshi.

"Haya kijana. Nipekue."

Fredy alianza chini kama kawaida yake. Akagonga visigino. Akaingiza vidole kwenye buti la kushoto, hakuna. Akaingiza kwenye buti la kulia, akazamisha mkono mpaka kwenye soksi, akavuta. Ilitoka pipi ya kijiti. Akarudisha mkono. Ikatoka ya pili.

Mashine zilinguruma kule mbali. Bwana Donatus alikuwa bado amenyoosha mikono. Fredy aliichungulia pipi, akamtazama mama yake kwa ushindi, akasema, "Hii ndiyo pipi."

Tangu mgodi ufunguliwe Bwana Donatus alikuwa hajapekuliwa hata mara moja. Sisi tulikuwa tunampigia saluti.

Asije mtu akadhani mambo yaliishia kwenye kicheko. Bwana Donatus aliketi, akafuta uso, akamwambia Evelina kwa upole kuwa anamwamini, na kwamba hata hivyo lazima amsimamishe kazi uchunguzi ufanyike. Evelina aliitikia, akavua kitambulisho, akakiweka mezani kando ya dhahabu. Alinishika mkono, akaondoka. Fredy alikuwa amelala begani kwake, mdomo umejaa.

Asubuhi yake yule kijana alifika kazini kwa kandambili. Kwa kweli nilimwonea huruma. Bila buti za usalama huingii, na buti za mgodi zina namba ya mwenyewe ndani ya ulimi. Alipoulizwa ziko wapi alisema zimeibiwa. Alipoonyeshwa zilipo, juu ya meza ya Bwana Donatus, alikaa kwenye benchi akasema ukweli wote kwa sauti ndogo. Mtoto wake mchanga alikuwa mgonjwa, alisema, naye alikuwa amepoteza akili. Huenda ni kweli. Evelina alipoambiwa habari hiyo hakusema neno la kumlaani. Aliuliza tu mtoto anaendeleaje, na baadaye tukasikia kuwa ule mkate na zile soda alivipeleka kwa mke wa yule kijana.

Uchunguzi ulichukua wiki kadhaa hata baada ya hapo, kwa kuwa karatasi husafiri polepole kuliko watu. Mama Samwel alikuja kutoa ushahidi bila kuitwa. Aliingia ofisini na futi ya kushonea shingoni, akaapa kuwa kosa ni lake. Kwamba kama angepunguza suruali zile alipoahidi, haya yote yasingetokea. Alitaka achukuliwe yeye. Mwenyekiti wa kikao alimshukuru akamwomba aende tu akazipunguze. Akasema kesho.

Wiki hizo ndizo pekee ambazo watoto walipata kuwa na mama kutwa. Siku za mwanzo ilikuwa sikukuu. Walipikiwa uji asubuhi naye yupo, Wema alirudi kutoka shule naye yupo. Lakini Evelina hajui kukaa. Alipanga vyombo kwa urefu. Alikagua madaftari, masikio, mayai chini ya kuku. Alimwamkia muuza maziwa kisha akafungua kidumu chake kunusa. Jioni ikifika, watoto walikwenda mlangoni kwa mazoea, na mama alikuwa ndani tayari, hakuna wa kumngoja. Mwishowe Wema akamwomba atoke nje, azunguke mpaka njia panda, halafu arudi. Evelina alitoka. Alizunguka. Aliporudi, wawili wale walikuwa wanamkimbilia kutoka kwenye kona kana kwamba hawajamwona mwaka mzima. Waliendelea hivyo kila jioni mpaka barua ya kumrudisha kazini ilipofika.

Alirudi akiwa hana doa. Mambo mawili yalibadilika baada ya hapo. Suruali zenye pindo zilipigwa marufuku. Na kuanzia Bwana Donatus hadi mlinzi wa mwisho, sote tukaanza kupekuliwa tukitoka, kila mmoja na mwenzake. Bwana Donatus alisimama wa kwanza kwenye mstari kila jioni hadi alipostaafu, na mke wake alituletea kuku.

Baadaye Evelina alikuwa msimamizi wa zamu, kisha mkufunzi. Wapekuzi wote vijana mnaowaona leo kwenye malango yetu wamepita mikononi mwake. Aliwafundisha kuamkia kwanza. Aliwafundisha kutomtania mtu aliyevua viatu, kwa sababu mtu aliyevua viatu ameshajishusha mwenyewe. Aliwafundisha pia kusema wamechoka wanapochoka. Kwamba mpekuzi aliyechoka akikaa kimya ndiye anayepitwa. Alikuwa mkali kwa anayechelewa, isipokuwa kwa mama mwenye mtoto mchanga. Huyo alimuuliza jambo moja tu, kama mtoto amekula.

Alikosa mengi, na sitayaficha kwa kuwa ni siku ya sherehe. Alikosa komunyo ya kwanza ya Wema kwa sababu ya zamu. Fredy alipovunjika mkono, aliyempeleka hospitali ni Mama Samwel, akimbembeleza njia nzima. Zipo jioni ambazo basi liliharibika akawakuta wamelala, na akawafungua vidole kimoja kimoja usingizini, taratibu, kuona siku yao ilikuwaje. Hakuwahi kulalamika kwetu. Lakini nilikuwa nakaa naye kiti kimoja kwenye basi, nami nilikuwa namwona anavyotazama dirishani tukikaribia njia panda.

Leo Wema ni muuguzi Kahama, ana mtoto wake mmoja na zamu zake mwenyewe. Fredy anasomea mifugo chuoni, na ni mrefu kiasi kwamba sare zile za mwaka 2007 zingemtosha bila kukunja. Wote wawili watakuwepo ukumbini, pamoja na Mama Samwel, ambaye amemshonea mstaafu gauni la sherehe. Hadi naandika, gauni halijafika.

Evelina anahamia Kambarage, Shinyanga mjini, kwenye nyumba ambayo yeye na mume wake wamekuwa wakiijenga tofali kwa tofali. Bwana Felician bado yuko Ushetu. Amebakiza mwaka mmoja kabla naye hajastaafu. Tangu Evelina aanze kazi kwetu hawajawahi kukaa chini ya paa moja kwa muda unaozidi likizo moja. Wiki iliyopita tulimuuliza Mama Wema atafanya nini kwanza akifika huko. Tulidhani atasema duka, kuku, au usingizi.

"Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa narudi," alisema. "Sasa nataka kukaa mlangoni nimngoje mtu."

Dada yetu Evelina, Mgodi wa Nyamigunga unakushukuru kwa uaminifu wako, na sisi wa Lango la Pili tunakushukuru kwa kila shikamoo. Nenda ukapumzike. Mungu akupe jioni nyingi, zenye baridi nzuri na chai ya moto, na kila Ijumaa basi la kutoka Ushetu lifike mapema, likushushie Baba Wema salama.